Shahamu, Maji na Wembe

Krimu ya kunyolea ndevu iliyopikwa kwa shahamu ya ng'ombe haimfurahishi mtu siku ya kwanza. Anaichota kwa kidole, anaipaka shavuni, inanata hapo hapo na kuacha ukungu mweupe, kisha wembe unapita juu yake ukikwaruza. Anaongeza krimu. Inazidi kunata. Mwisho anafunga kopo, anaapa kwamba ametapeliwa, na kesho yake amerudi kwenye povu la kopo la kubonyeza au kwenye sabuni ya kuogea. Kopo ninalotumia sasa nilipewa bure na rafiki aliyefikia hatua hiyo. Aliliagiza kutoka Marekani, akalipia usafiri, akalipia ushuru, akalitumia siku chache akalichukia. Nikamwambia, bwana wee, dawa yako iko kwenye ndoo ya maji, si kwenye kopo. Hakunielewa, na kwa kweli si jambo la kuelezwa kwa sentensi moja.

Povu la kunyolea ni maji. Sabuni iliyomo kazi yake ni kuyashika maji hayo yakae usoni kwa dakika chache bila kutiririka kifuani, na kuweka utelezi kati ya chuma na ngozi. Kinacholainisha unywele ni maji yenyewe. Unywele wa ndevu mkavu ni mgumu ajabu. Ukiloweshwa dakika mbili tatu unavimba, unalegea, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Mengine yote ya shughuli hii, harufu ya msandali, mpini wa brashi uliochongwa, kopo lenye maandishi ya dhahabu, yanakuja nyuma ya hapo. Sisemi hayana raha yake. Nasema hayanyoi.

Mjomba wangu alilijua hili bila kulisoma popote. Alikuwa kinyozi Ngamiani, Tanga, katika kibanda cha mabati chenye kioo kilichopasuka pembeni na benchi ambalo wazee walilikalia hata siku wasizonyoa. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa: kafagie nywele, kanunue nyembe, kalete maji. Maji yenyewe yalikuwa ya namna mbili. Ya kisima yalikuwa ya kunawia mikono na kufulia taulo. Ya kunyolea yalikaa kwenye pipa lenye kifuniko chini ya mchirizi wa bati, yakikingwa wakati wa masika, na ole wako ukutwe ukiyanawia miguu. Mvua zikikatika aliyatoa kwa kikombe, kwa hesabu, mpaka vuli.

Siku moja nilijipa moyo.

"Shikamoo mjomba," nilianza, ingawa asubuhi ile tulikwisha kuamkiana.

"Marahaba. Sema unachotaka."

"Mbona hatunyolei maji ya kisima? Si yako tele."

Hakunijibu kwa maneno. Alichukua kikombe cha bati alimogandamiza vipande vya sabuni ya kunyolea, akachovya brashi kwenye maji ya kisima, akazungusha. Povu lilitoka, likasita, likazama, likaacha uji mwembamba wenye chembechembe. Akamwaga, akasuuza brashi, akarudia kwa maji ya pipa. Safari hii povu lilipanda mpaka likafunika ukingo wa kikombe na kumpanda kidoleni.

"Ya kisima yanakula sabuni," akasema. "Ya mvua hayali."

Wataalamu wana maneno mengi zaidi lakini hawapingani naye. Sehemu kubwa ya pwani yetu, na Unguja zaidi, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yakipenya humo kwenda kisimani yanayeyusha kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na madini hayo inafungamana nayo, na kinachotokea ni zile chembe nyeupe zisizoyeyuka, ndizo zinazochora mstari wa uchafu kwenye beseni. Sabuni ya mwanzo yote huishia kwenye kazi hiyo. Povu hutoka kwenye ile inayobaki, na ikiwa uliingia na kidogo, hakuna kinachobaki.

Nilikuja kulikumbuka somo lile nikiwa mbali sana na Ngamiani. Nilikwenda Manchester kusoma, na kwenye soko moja la mwisho wa wiki kulikuwa na mama wa makamo aliyeuza sabuni alizopika mwenyewe. Kati ya vipande vya kuogea aliweka makopo machache ya krimu ya kunyolea. Nilinunua kwa sababu ya baridi: ngozi ya shingo ilikuwa imekauka hadi kupasuka, na povu la kubonyeza lilikuwa likinikausha zaidi. Povu hilo, lililoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, hutolewa ndani ya kopo na gesi. Ni jingi na jepesi, lakini ukilifinya mkononi utashangaa jinsi maji yaliyomo yalivyo machache. Yule mama aliponiambia kwamba krimu yake imepikwa kwa shahamu ya ng'ombe nilicheka. Kwetu shahamu huishia kwenye supu. Hakuudhika. Alinipa maelekezo ambayo hadi leo sijapata yanayoyazidi: anza na brashi inayokaribia kuwa kavu, malizia na maji mengi kuliko unavyodhani inafaa.

Manchester kila kitu kilikwenda sawa. Maji ya mji ule hutoka mbali, kwenye milima ya kaskazini. Tangu 1894 yamekuwa yakiteremka kutoka ziwa Thirlmere kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 150 bila pampu, kwa mteremko wa ardhi tu. Njia nzima hayakutani na chokaa ya maana. Krimu ilipanda bila kubembelezwa. Kisha kazi ikanipeleka London, na kopo nikalibeba. Mkono ule ule, brashi ile ile, krimu ile ile. Povu likawa dogo, lenye mapovu makubwa yanayopasuka kabla sijamaliza shavu la pili. Asubuhi moja nikachungulia ndani ya birika la chai nikaona ukoko mweupe umejishika chini, mgumu, wa kukwanguliwa kwa kijiko. Nikasikia sauti ya mjomba waziwazi. London imekaa juu ya chokaa, na maji yake hubeba miligramu zaidi ya 200 za kalsiamu kaboneti kwa kila lita. Ya Manchester hayafiki 60.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaangalia maji kabla ya kuangalia kopo. Nina imani kwamba nusu ya sifa na nusu ya matusi ambayo watu humwagia sabuni za kunyolea ni sifa na matusi ya mabomba yao. Mtu wa mji wenye maji laini atakuambia krimu fulani ni ya peponi. Mwenzake wa mji wa chokaa atakuambia ni takataka. Na wote wawili wanasema kweli.

Dawa ziko, tena za bei rahisi. Maji ya mvua ndiyo bora, na kwa mtu wa pwani mwenye bati na ndoo hayana gharama. Yaache manyunyu ya kwanza yasafishe bati, kisha kinga. Kikombe kimoja kinamtosha mtu kunyoa, kwa hiyo ndoo inakwenda siku nyingi. Kama huna, chemsha ya kisima. Sehemu kubwa ya chokaa inayotoka kwenye mwamba wa namna hii hujitenga maji yakichemka, ndiyo ule ukoko wa birika; yaache yapoe, yatulie, umimine ya juu. Na kama hata hilo ni kero asubuhi, basi ongeza krimu kwenye brashi. Maji yatakula sehemu yake na bado utabaki na ya kunyolea. Ni ufujaji kidogo, ila unafanya kazi.

Sasa mkono. Brashi ya nywele za mnyama iloweke kwenye maji vuguvugu wakati unaoga; ya nyuzi za plastiki haina haja. Kisha ikamue na kuikung'uta mpaka isidondoshe hata tone. Hapa ndipo mambo yanapoharibikia kwa wengi, kwa sababu brashi iliyojaa maji inafurahisha: ukiigusisha tu kwenye krimu, povu linafumka. Ni hewa hiyo. Likifika shavuni linakufa. Brashi yenye unyevunyevu tu huzunguka juu ya krimu kwa nusu dakika hivi na haikuonyeshi chochote cha kujivunia. Ncha zake zinavikwa uji mzito, unaonata, usio na mapovu. Uji huo ndio mtaji wako wote wa asubuhi. Kama krimu ni laini ya kuchoteka, chota kiasi cha punje moja ya korosho, ukigandamize chini ya bakuli, na uanze kuzungusha hapo; matokeo ni yale yale na kopo linabaki safi.

Kisha peleka brashi usoni, kwenye ngozi iliyokwisha kulowa. Zungusha. Povu la mwanzo litakuwa zito, jeupe, kavukavu, litasimama wima ukiliinua. Linapendeza pichani na linamdanganya mtu kwamba amefika. Hajafika. Chovya ncha za brashi kwenye maji, ncha tu, rudi usoni, zungusha tena. Litalegea kidogo. Chovya tena. Krimu ya shahamu ina kiu kubwa, inakunywa maji kuliko zile za viwandani za mrija, na kila mchovyo unaotia woga ndio kwanza inauchangamkia. Kuna wakati weupe ule mkavu hutoweka, mapovu yanayoonekana kwa macho yanakwisha, na uso wa povu unaanza kung'aa kama mtindi uliopigwa ukapigika. Hapo simama. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada: likiteleza bila kukwama, chukua wembe. Likikwama, linataka maji. Likitiririka kwenda shingoni umezidisha, na hilo si msiba, rudisha brashi kwenye kopo mzunguko mmoja miwili.

Yote haya yanachukua muda mfupi kuliko kuyasoma. Nimezoea kuyafanya huku redio ikisoma magazeti, na hawajafika kurasa za michezo nimekwisha kuwa na povu. Ila mtu mwenye haraka ya daladala asijaribu siku ya kazi. Aanze siku ya mapumziko, aharibu povu kwa raha zake, alizidishie maji kwa makusudi aone linavyovunjika, kisha alirudishe. Mkono unajifunza upesi ukiruhusiwa kucheza.

Kitu kimoja hakuna mtu wa Manchester angeweza kuniambia: pangaboi. Niliporudi nyumbani, nikiwa na maji mazuri ya mvua na krimu nzuri, povu langu lilikuwa likikauka shavuni kabla ya wembe kufika. Nilikuwa nikinyoa chumbani, mbele ya kioo cha kabati, pangaboi likizunguka juu ya kichwa kwa sababu ya joto la Februari. Upepo wake unafyonza maji ya povu kwa kasi ya kushangaza, na linaacha ile ngozi nyeupe inayonata. Zima pangaboi. Au nyoa bafuni. Joto lenyewe la pwani halina ubaya, kwani ngozi inakuwa imekwisha kulainika kwa jasho na kuoga. Huhitaji yale mataulo ya moto ambayo watu wa nchi za baridi wanayasifu. Maji ya kawaida ya ndoo yanatosha. Ila krimu yenyewe usiiache dirishani, italegea na kujitenga mafuta, na usifunge kopo likiwa limejaa maji ya brashi.

Kwa nini basi shahamu, na si mafuta ya nazi ambayo tunayo kila kona? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na ni swali la haki. Jibu lake lina umri wa miaka 200. Mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha mwaka 1823 kitabu chake kuhusu mafuta ya wanyama, ndiye aliyeonyesha kwamba mafuta si kitu kimoja. Ni glisirini iliyofungamana na asidi za aina mbalimbali, na sabuni hupatikana pale alkali inapoutenga muungano huo na kuzichukua asidi. (Aliishi miaka 102, akafa 1889, na jina lake limechorwa kwenye Mnara wa Eiffel pamoja na ya wanasayansi wenzake. Kwa mtu aliyeutumia ujana wake kwenye mafuta ya kondoo, si haba.) Sasa, karibu nusu ya asidi zilizomo kwenye mafuta ya nazi ni ya lauriki, na sabuni yake hufumka haraka, kwa mapovu makubwa yanayopasuka haraka vile vile. Kwa kuoga ni raha tupu. Akina mama wa Paje, Unguja, wanaochanganya mwani kwenye sabuni zao, wanalijua povu hilo vizuri. Shahamu ya ng'ombe ina mambo tofauti: kama robo yake ni asidi ya palmitiki na karibu moja ya tano ni ya steariki, na hizi mbili hutoa mapovu madogo mno, yaliyobanana, yanayoshikilia maji na kukaa. Ndiyo tunayoyataka usoni. Mpishi mzuri wa krimu huchanganya: shahamu nyingi kwa ajili ya kukaa, nazi kidogo kwa ajili ya kufumka, na mara nyingi steariki ya ziada.

Na alkali nayo ina neno. Kostiki soda ya kawaida huzaa sabuni ngumu ya mche. Kostiki ya potasiamu huzaa sabuni laini inayoyeyuka upesi majini, kwa hiyo krimu hupikwa kwa hiyo zaidi, au kwa mchanganyiko wa zote mbili. Ukichukua sabuni ya mche ya kufulia ukaipiga kwa brashi utapata povu, hilo sikatai, lakini litakauka ukiwa unaligeukia shavu la pili, na ngozi itakukumbusha jioni.

Ngozi yenyewe ndiyo iliyonifanya nishikilie jambo hili hadi leo. Ndevu za wengi wetu zimejikunja. Unywele uliojikunja ukikatwa kwa karibu mno, ncha yake inabaki kali, inarudi kuchoma ngozi kutoka nje au inaotea humo humo ndani, na mwili unaipokea kwa vipele. Shingo yangu ilikuwa imejaa vipele hivyo nilipokuwa nikitumia nyembe za kisasa za majani mengi. Hizo zilianza na majani mawili mwaka 1971, kampuni ya Gillette ilipotoa Trac II, na zimeongezeka tangu hapo. Jani la kwanza huuvuta unywele, la pili huukata chini ya usawa wa ngozi, na unywele ulionyooka hauna shida na hilo. Wetu unapotaka kutoka tena unapotea njia.

Povu zuri haliponyi vipele. Napenda liwekwe wazi, kwa maana wauzaji wa makopo husema mengi. Linachofanya ni kumwezesha mtu kutumia jani moja la wembe, Nacet au lolote analolipata dukani kwa bei ya pipi, kwenye mashine ya kawaida ya kunyolea, bila kukandamiza. Mkono unaokandamiza ni mkono ulioangushwa na povu. Mjomba hakukandamiza, na hakuwahi kupandisha wembe dhidi ya maoteo ya ndevu hata mteja alipomsihi amtoe "zote, zote kabisa". Aliteremsha wembe mara moja, akapaka povu tena, akateremsha mara ya pili kwa upande kidogo, akamaliza. Mteja aliyetaka shavu la kioo aliambiwa aende kwingine. Wengine walikwenda, na walirudi shingo zimevimba. Mwenye vipele vingi, vilivyokwisha kuwa vidonda, aache kunyoa wiki kadhaa na amwone daktari wa ngozi. Hakuna krimu ya kumsaidia katika hali hiyo, iwe ya shahamu au ya nini.

Liko suala jingine ambalo msomaji wa pwani amekwisha kulifikiria tangu aya ya kwanza. Ng'ombe huyo alichinjwa na nani? Na je, ni ng'ombe kweli? Lebo nyingi za Ulaya na Marekani huandika "sodium tallowate" au "potassium tallowate" bila kumtaja mnyama. Jirani yangu mmoja, mtu wa msikitini, alilishika kopo langu kwa vidole viwili akaniuliza swali hilo, na niliona ana haki. Maulamaa wametofautiana juu ya mafuta yaliyokwisha kugeuka sabuni. Mimi si wa kutoa fatwa. Nilichofanya ni kumwandikia mpishi wa krimu ile nikamuuliza, akanijibu siku ya pili: ng'ombe, bucha fulani la mjini kwao, si la Waislamu. Jirani alishukuru na akalirudisha kopo mezani. Huo ndio uzuri wa kununua kwa mtu mdogo anayepika mwenyewe. Ukiuliza, yupo wa kukujibu.

Brashi nayo ina swali la namna hiyo, kwa sababu nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe. Nyuzi za plastiki zimelimaliza tatizo, na siku hizi ni nzuri hata kuliko za mnyama: zinakauka upesi, hazinuki, hazimezi krimu. Ziko sababu nyingine za kuzipenda. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na wa Marekani walipatwa na kimeta usoni na shingoni, na chanzo kikabainika kuwa brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa vilivyo. Hatari hiyo leo imepita, lakini mimi nikilikumbuka jambo hilo sipati hamu ya kununua brashi kuukuu ya mtumba, hata kama mpini wake ni wa pembe.

Nimesema mengi juu ya makopo ya watu wa mbali, na ninalotaka hasa liko hapa hapa. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Shahamu ipo katika machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, na katika kila machinjio ya wilaya, na buchani huuzwa kwa bei ndogo au hutupiwa paka. Vikundi vya sabuni vipo kila mtaa, vya akina mama hasa, na vinajua kupima alkali kwa mizani, kuvaa glavu, kumimina kostiki kwenye maji na kamwe si maji kwenye kostiki. Mafuta ya nazi yapo. Kinachokosekana ni kostiki ya potasiamu, ambayo wauzaji wa kemikali wa mijini wanaweza kuagiza, na mtu wa kuthubutu. Wanaume wanaonyoa hawakosekani, na wenye vipele ni wengi kuliko wanaokiri.

Basi ombi langu kwa ninyi mnaopika sabuni, wa Tanga, wa Unguja, wa Dar es Salaam na kwingineko: jaribuni chungu kimoja. Nunueni shahamu ya figo, ndiyo ngumu na safi kuliko zote, iyeyusheni kwa moto mdogo, ichujeni mpaka isinuke nyama. Karafuu msitie, inawasha ngozi iliyotoka kunyolewa. Kwenye lebo andikeni mnyama ni nani na kachinjwa wapi, na chini yake, kwa herufi za kusomeka bila miwani, mwandikieni mnunuzi kwamba anyolee maji ya mvua.